Kilomita Elfu Kumi na Nne

Bukavu, Jumapili tarehe 3 Oktoba 1999

Mvua imerudi kwa nguvu baada ya misa ya pili, nami nimerudia tabia hii ya kuandika, ambayo marehemu mke wangu Euphrasie aliiita ugonjwa wa walimu. Namwomba radhi huko aliko.

Leo jirani yangu Mama Godelive alikuja kujikinga mvua, na kabla hajakaa vizuri akaniomba nimpimie umbali. Si wa kwanza kuniomba hivyo. Tangu vita hivi vya pili vitufungie njia, watu wa mtaa huu wa Nyawera huja kutazama ramani yangu ya dunia, ile niliyopewa nilipostaafu ualimu wa jiografia, na kila mmoja huuliza mtoto wake yuko mbali kiasi gani. Mtoto wa kwanza wa Mama Godelive, Adalbert, yuko Vancouver, kule Kanada, mwaka wa tisa sasa. Akija hupitia Amsterdam. Kutoka Amsterdam hadi kwetu mama yake hana wasiwasi, maana mapadri hupita njia hiyo kila mwaka na hurudi wakiwa wanene. Anachokiogopa ni kile kipande cha juu, kati ya uwanja wa ndege wa Vancouver na ule wa Amsterdam, penye maji matupu.

Niliweka rula juu ya ramani, nikasoma kipimo kilichoandikwa pembeni chini, nikazidisha. Kilomita elfu kumi na nne na ushee.

"Na pale katikati," akauliza, "hakuna fasi ya kushuka hata kupumuzika?"

Nilimweleza kwa heshima kwamba ndege haipumziki. Alitikisa kichwa kwa kuihurumia.

Jumapili tarehe 10 Oktoba

Mama Godelive amekuja tena, akataka nipime upya. Nilipima. Namba ni ile ile. Akasema chai yangu anainywa bure, basi nami nimpunguzie hata kilomita mbili kwa ujirani mwema. Tulicheka. Ana kikohozi ambacho sikipendi.

Jumatano tarehe 13 Oktoba

Mvua. Ukuta wa nyuma wa majirani wa bondeni umeanguka. Hakuna aliyeumia.

Jumapili tarehe 17 Oktoba

Mama Godelive amekuja akiwa ameshikwa mkono na binti yake Priscille, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja ya hapa mjini. Msichana huyu, Mungu anisamehe, ninamwona mkali kidogo kwa umri wake. Mbele yangu alimwambia mama yake kwamba ugonjwa huu si wa kuchezea, na kwamba ataomba redio ya misheni imwite kaka yake aje mapema. Mama Godelive alikataa. Alinyosha kidole kuelekea ramani.

"Mwalimu amepima, wote tumeona. Mutoto apite maji yote ile, afike hapa, anikute niko nakula bugali? Atanicheka. Angojee kwanza."

Priscille alinitazama kana kwamba nami ningesema neno. Kipimo ni kipimo.

Jumapili tarehe 24 Oktoba

Hakuja. Nilikwenda mimi. Amelala chumbani, amekonda. Swali lake la kwanza: "Imepunguka?" Nilimjibu kwamba haijapungua. Nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni kwa kutomdanganya mgonjwa.

Jumanne tarehe 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Nilipanda hadi kaburi la Euphrasie na kung'oa majani. Miaka miwili iliyopita nilimsubiri binti yetu Marie-Louise atoke Liège, kule Ubelgiji, kuja kumzika mama yake. Vita, viza, ndege, sijui nini: hakufika. Nimeshamwambia kila mtu kwamba simlaumu. Hapa ninaweza kuandika kwamba ninamlaumu. Vijana wa ng'ambo husema wanakuja.

Jumatatu tarehe 8 Novemba

Risasi upande wa Kasha tangu alfajiri. Mchana kimya. Mvua.

Jumatatu tarehe 15 Novemba

Mama Godelive amefariki asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Priscille. Kilio, kama tunavyouita msiba hapa kwetu, kimeanza uani kwao. Nimepeleka viti vyangu vyote.

Jumanne tarehe 16 Novemba

Leo nimeitwa kwenye baraza la familia, nami si ndugu. Nakiri kwamba heshima hiyo ilinipendeza, hata katika siku ya machozi.

Mwenye kusema ni Bwana Edouard, mdogo wa marehemu mume wa Mama Godelive, mtu wa ofisi, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alieleza mambo kwa mpangilio mzuri. Marehemu atazikwa Mudaka, kwenye migomba ya mumewe. Wanajeshi waliopo njiani hutoa ruhusa ya msafara kwa siku moja tu, na ombi lazima lipelekwe leo: ama Ijumaa, ama Jumamosi. Zaidi ya Jumamosi haiwezekani, kwa sababu umeme wa chumba cha maiti unakuja na kuondoka. Tena katika nyumba hiyo udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Asipokuwapo, hutupwa na baba yake mdogo, na mambo ya nyumba huwa mikononi mwa huyo.

Padri wa redio alikuwa ameleta ujumbe wa Adalbert, uliopita katika vinywa vitatu kabla ya kutufikia: anaondoka Vancouver kesho alasiri, kupitia Amsterdam na Nairobi. Siku ya kufika haikusikika. Hata hivyo padri alijua kwamba ndege ya Nairobi huondoka Amsterdam mara moja kwa siku, na kwamba kutoka Nairobi hadi Kigali kuna ndege ya Ijumaa asubuhi, kisha hakuna hadi Jumatatu. Akiipata ile ya Ijumaa, Adalbert atavuka mpaka wa Ruzizi Jumamosi asubuhi, na mama yake atazikwa Jumamosi. Akiikosa, hakuna haja ya kungoja.

Wote walinigeukia. Sikuhitaji hata kwenda nyumbani, kwani namba ilikuwa kichwani mwangu tangu Oktoba. Nilisema: elfu kumi na nne, kwa mwendo wa ndege kubwa, ni saa kumi na sita angani. Atafika Amsterdam ndege ya Nairobi ikiwa imeshaondoka. Atapoteza siku nzima, na ile ya Ijumaa itamwacha.

Hapo Priscille alisimama katikati ya wazee. Alisema kwamba wanaouza tiketi wanajua saa zao, tena kwamba kaka yake, Yaya kama anavyomwita, si mtu wa kusema ovyo. "Yaya akisema iko nakuja, iko nakuja. Mungojee Jumamosi. Ni siku moja tu."

Bwana Edouard aliniuliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, useme tu. Atafika ao hatafika?"

Nilimwomba Priscille radhi kwa kumpinga katika huzuni yake. Kisha nikasema kwamba hatafika. Nilisema hivyo kwa upole, na kwa uhakika wa mtu aliyefundisha jambo hilo miaka thelathini.

Ruhusa imeombwa kwa Ijumaa.

Jumatano tarehe 17 Novemba

Mvua kutwa. Nimekaa kwenye kilio. Watu wananiita Mwalimu wa familia.

Alhamisi tarehe 18 Novemba

Ningependa kuandika jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa sijaweza kulisema.

Baada ya chakula cha mchana nilirudi nyumbani kubadilisha viatu vilivyolowa. Nilikaa kwenye kiti kinachotazama ukuta, na macho yangu yakaenda kwenye ramani bila kutafuta kitu. Pale juu palikuwa na Groenland, kisiwa kile cha barafu, kikubwa kama Afrika nzima. Kila mwaka, katika juma la kwanza la muhula, niliwauliza wanafunzi: kipi ni kikubwa, Groenland au Kongo yetu? Walinyosha mikono wote, wakajibu Groenland, nami niliwacheka kwa upendo. Kisha niliwafundisha kwamba dunia ni mviringo na ukuta ni bapa, kwamba anayeibandika dunia ukutani lazima aivute kaskazini na kusini hadi ichanike, na kwamba kipimo kilichoandikwa pembeni ni cha kweli kwenye ikweta peke yake. Niliwaonya: kaskazini msitumie rula.

Vancouver iko kaskazini. Amsterdam iko kaskazini zaidi. Na ndege haifuati mstari wa rula. Hukata kwa juu, karibu na barafu ile ile niliyokuwa nikiicheka.

Nilitoa kitabu changu cha logariti. Mapadri walitufundisha hesabu ya tufe vizuri, sina kisingizio. Nilipiga hesabu mara mbili. Chini kidogo ya kilomita elfu nane. Saa tisa angani. Adalbert alikuwa ameipata ndege ya Nairobi. Alikuwa angani wakati ule ule nikifuta kalamu yangu. Kesho asubuhi atakuwa Kigali, na Jumamosi kabla ya saa nne atakuwa kwenye daraja la Ruzizi.

Jambo la pili lilinijia polepole, nami ningelifukuza kama ningeweza. Mama Godelive alikataa mwanawe aitwe kwa sababu ya rula yangu. Aliniuliza imepungua, nikasema haijapungua. Angeniuliza mara mia ningesema hivyo. Amekufa akiamini kwamba mtoto wake yuko mbali karibu mara mbili ya alivyokuwa.

Nilivaa koti nikaenda. Naapa kwamba niliondoka nyumbani nikiwa na nia ya kusema.

Uani walikuwa wameketi wazee waliotoka Mudaka, wa kwanza wao akiwa na fimbo na kofia ya manyoya. Bwana Edouard alikuwa na karatasi ya ruhusa, iliyopigwa mihuri miwili, na alikuwa akiwasimulia jinsi alivyosimama tangu alfajiri mbele ya ofisi ya wanajeshi hadi akaipata. Lori lilikuwa limeshapatikana. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi za kesho. Aliponiona alisimama, akawaambia wazee: huyu ndiye Mwalimu aliyetutoa katika mashaka. Yule mwenye fimbo alinipisha kiti chake. Ningefanyaje? Niliketi. Nikaletewa chakula. Nilimngoja Bwana Edouard amalize kusema, maana si adabu kumkatiza mtu mbele ya wageni wake. Alipomaliza, mzee mmoja alianza sala. Baada ya sala nilikohoa, wakadhani ni baridi, wakaniletea chai. Nilisema, "Bwana Edouard, samahani, kuhusu safari ya kijana." Akaniwekea mkono begani, akajibu kwamba najisumbua bure, yaliyopangwa yamepangwa. Nikasema asante.

Priscille alikuwa mlangoni. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nilitazama kikombe.

Nikiwa njiani kurudi nilimwomba Mungu jambo ambalo sijawahi kumwomba mtu yeyote: ndege ya Adalbert ichelewe. Iharibike kitu kidogo, kisichomdhuru mtu, huko Nairobi, ili nisiwe nimekosea.

Ijumaa tarehe 19 Novemba

Tumemzika. Mvua ilianza tulipopita kizuizi cha wanajeshi na haikuacha. Lori lilikwama mara moja kwenye tope, vijana wakalisukuma. Priscille hakulia hadi Bwana Edouard alipoinama kuchukua udongo. Nilisimama mstari wa nyuma. Nilikuwa nimeshika mwavuli wa mtu mwingine.

Jumamosi tarehe 20 Novemba

Amefika.

Nilikuwa dirishani. Saa tatu na nusu teksi ilisimama chini kwenye lami, akashuka mtu mwembamba mwenye koti zito lisilofaa hapa, akapanda kilima karibu kwa kukimbia, begi likimpiga mgongoni. Watu waliokuwa wakikunja maturubai waliacha kukunja. Hakuna aliyemwambia, aliyaona maturubai. Alisimama katikati ya ua akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama iko wapi?"

Nilifunga pazia.

Jumapili tarehe 21 Novemba

Sikwenda misa.

Jumanne tarehe 23 Novemba

Nimemwambia Adalbert. Nilimkuta peke yake barazani, nikavua kofia, nikaeleza ramani, ikweta, rula. Alinisikiliza vizuri, kwa uchovu. Alisema watu hukosea, tena ni vita, nisijitese, Papa Mwalimu. Nilipaswa kushukuru na kuondoka. Lakini alikuwa bado akifikiri, na aliponiuliza, aliuliza bila kunitazama.

"Makosa hiyo uliiona siku gani?"

"Alhamisi."

"Mbele ya kuzika?"

"Mbele ya kuzika."

Bondeni mtu alikuwa anapasua kuni. Kisha Adalbert akasema, "Asante kwa kuniambia, Papa," akasimama, akaingia ndani. Kwa adabu kamili. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba adabu inaweza kumwacha mtu namna hiyo.

Jumamosi tarehe 27 Novemba

Kwenye duka la sukari nimesikia kwamba Bwana Edouard anasema kijana alizembea njiani. Kwamba alilala Nairobi kwa starehe, wakati mama yake anangoja. Kwamba mtoto anayefika baada ya udongo hana neno juu ya nyumba. Anataka nyumba ipangishwe na Priscille ahamie kwake. Nadhani Bwana Edouard anaamini anayoyasema. Mtu aliyeharakisha mazishi anahitaji mwingine awe amechelewa. Ninamwelewa vizuri kuliko ningependa.

Adalbert hajibu. Amemwambia mwenye duka kwamba aliyefanya hesabu ndiye mwenye kusema.

Jumatano tarehe 1 Desemba

Nimetafakari kwa nini Jumanne ile ya baraza nilikuwa na uhakika kiasi kile. Haikuwa ramani tu. Nilipoulizwa kama mtoto wa ng'ambo atafika kumzika mama yake, jibu nilikuwa nalo kabla ya hesabu. Nililipata miaka miwili iliyopita, kwa kumsubiri wangu. Nilimpima mtoto wa Godelive kwa kinyongo changu, kisha nikatafuta kilomita za kukifunika.

Jumamosi tarehe 4 Desemba

Leo wamemaliza kilio. Mvua nyembamba. Kabla ya chakula wazee walikaa kuamua mambo ya nyumba, na Bwana Edouard akaanza kwa utaratibu wake ule ule: hamlaumu mtu, ila kijana alijua njia ni ndefu na hakujitahidi. Adalbert aliketi karibu na mlango, pamoja na wageni. Priscille alisimama nyuma yake.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilisema kwamba Adalbert hakuchelewa hata saa moja. Kosa lilikuwa langu, katika kipimo. Niliona nyuso zikilegea. Mzee mwenye fimbo alitabasamu. Bwana Edouard alinijibu kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi.

"Mwalimu, tunakujua. Weye ni mutu ya heshima tangu zamani. Unataka kumufunika mutoto. Ikala tu."

Wakanong'ona kwamba ndivyo, watu wa malezi ya misheni ndivyo walivyo. Mtu alinipigapiga mgongoni. Nilikuwa nimekubali kosa mbele yao, na walikuwa wananiheshimu zaidi. Miguu yangu ilianza kukaa yenyewe. Nilimwona Adalbert akitazama sakafu kama mtu aliyelitarajia hilo.

Sikukaa. Nilisema kwa sauti ambayo sijaitumia tangu darasani.

"Sijamfunika mtu. Alhamisi, siku moja kabla ya kuzika, nilijua kwamba yuko njiani na atafika Jumamosi. Nilikuja hapa. Mlinipa kiti, nikaketi. Mlinipa chakula, nikala. Ulikuwa na karatasi mkononi, Edouard, na sikutaka kukuaibisha mbele ya wageni, wala kujiaibisha. Nikanyamaza. Nikamwomba Mungu ndege yake ichelewe. Na Godelive alikataa mwanawe aitwe mapema kwa sababu kila Jumapili nilimwambia yuko mbali kuliko alivyo. Aliniuliza mara ya mwisho akiwa kitandani. Nilimwambia vile vile."

Bwana Edouard alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. Nilimsikia Priscille akivuta pumzi. Kukataa kwa mama yake alikusikia, lakini hakuwa amekuunganisha na kosa la rula, na lile swali la kitandani hakulijua. Nilikuwa sijamwambia hata kaka yake. Alitoka nje mvuani bila kitu kichwani.

Baada ya muda mzee mwenye fimbo alisogea kwenye benchi, akafanya nafasi kati yake na Bwana Edouard. Aliigonga kwa kiganja. "Adalbert," alisema, "kuja huku."

Adalbert aliinuka. Alipita karibu yangu hadi koti lake likagusa goti langu, hakunitazama, akaketi pale alipoonyeshwa. Bwana Edouard alimpa ufunguo wa nyumba mkononi, bila hotuba. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya Priscille, na juu ya paa linalovuja, na sauti zao zikawa za watu wa familia moja.

Nilichukua kofia yangu. Nimeishi mtaa huu miaka arobaini, na katika nyumba ile sijawahi kuondoka bila mtu kunisindikiza hadi barabarani, hata wakati wa risasi. Leo hakuna aliyeinuka. Priscille alikuwa nje, chini ya ukingo wa paa, nywele zimelowa. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikitafuta maneno ya kuomba radhi, nayo yalikuja mengi, yote mazuri, yaliyopangika. Sikumpa hata moja. Niliteremka peke yangu.